Bomba la bafuni: kromu, jeusi au dhahabu? Nanunua wiki hii

Ngalawa_Mpya · Jumatano, saa 1:40 usiku
Wakuu, habari za jioni. Bafu langu limefika mwisho, vigae vimeshakauka, kilichobaki ni mabomba tu: la beseni la kunawia na lile la kuogea. Nimeona aina tatu zilizonivutia, zote za mkono mmoja juu. Moja ni kromu inayong'aa kama kioo, moja nyeusi isiyong'aa, na moja ya dhahabu iliyopoa. Moyo wangu uko kwenye nyeusi. Wenye uzoefu, ipi inadumu? Fundi anarudi Jumamosi asubuhi na nimeshamwahidi kwamba atakuta vifaa vipo.

Kifaru77 · saa 1:52 usiku
Nyeusi. Funga mjadala.

MamaPacha · saa 2:05 usiku
Usifunge. Nyeusi kila tone likikauka linaacha alama nyeupe, utadhani konokono kapita. Nina mapacha wanaopiga mswaki kama mafundi wanaopiga lipu, na povu la dawa ya meno juu ya bomba jeusi utalifuta mpaka uchoke. Kromu unapitisha kitambaa kikavu, imekwisha.

Kifaru77 · saa 2:09 usiku
Tatizo hapo ni mapacha, dada, si bomba.

Babu_Spana · saa 2:30 usiku
Ndugu Ngalawa, umeuliza rangi. Kuhusu bomba lenyewe hujasema kitu. Naomba nikuulize mimi. Beseni lina matundu mangapi? Maji yanatoka moja kwa moja kwenye mtandao au kwenye tangi, na kama ni tangi, liko juu ya bafu kwa mita ngapi? Una maji ya moto, au baridi peke yake? Maji yenyewe yana chokaa? La kuogea linatoka ukutani, na yale matundu mawili ya ukutani yameachana sentimita ngapi? Nijibu hayo, rangi uchague mwenyewe.

Ngalawa_Mpya · saa 2:41 usiku
Shikamoo mzee. Maji ni ya kawaida tu. Beseni ni jeupe, la duara, zuri sana.

Babu_Spana · saa 2:44 usiku
Marahaba. Rangi ya beseni sikuiuliza.

Kipimo · saa 3:02 usiku
Wakati tunasubiri majibu, niongezee swali la kuuliza dukani: mwili wa bomba ni wa nini? Chini ya rangi yoyote ile kuna brasi, au stenlesi, au aloi (mchanganyiko) ya zinki, au plastiki iliyopakwa ionekane chuma. Hapo ndipo penye kudumu au kutodumu.

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, ni nzito, na ndiyo ambayo mabomba mazuri yametengenezwa nayo kwa miaka mingi. Stenlesi haina haja ya kupakwa kitu, sura yake ni ileile ndani na nje, ila huwezi kuipata kwenye kila umbo. Aloi ya zinki ni rahisi kumimina kwenye kalibu, kwa hiyo inatoka na maumbo ya kuvutia kwa bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba ule mpako ukipata ufa, maji yakaingia, inaoza kutoka ndani na wewe huoni. Kwa macho la zinki na la brasi yanaweza kufanana sura, lakini ukiyapima kwa kuyanyanyua yote mawili utajua. Na ukiweza, chungulia chini pale nati inapofungwa: brasi isiyopakwa ni ya manjano, zinki ni ya kijivu.

Tausi · saa 3:20 usiku
Hiyo kijivu naijua. Ngoja niwasimulie, na mnisamehe urefu.

Tulipotengeneza upya bafu la chumbani nilichukua bomba la dhahabu. Kampuni siitaji, na duka silitaji. Lilikuwa zuri, wageni wanatoka bafuni wanalisifia bomba kabla hawajamsalimia mwenye nyumba. Nilipolishika dukani niliona ni jepesi, nikafurahi, nikadhani wepesi ndio utaalamu wa kisasa. Miezi kama minane hivi, pale chini linapokalia beseni, mahali ambapo maji hayakauki, rangi ikaanza kuvimba vijipele. Nikakwangua kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la yai. Chini yake kijivu. Nikasema si kitu, hiyo ni sura tu.

Halafu mkono ukawa mgumu. Unauinua kwa upole hauendi, ukitia nguvu unaruka wote na maji yanakupiga kifuani umeshavaa nguo za kazini. Halafu likaanza kudondosha. Fundi akasema ni katriji tu, kile kidude cha ndani kinachofungua na kufunga maji, kanunue. Nikazunguka na ile ya zamani mkononi, maduka matano. Nyingine zote ama pana kidogo, ama vile vimiguu vya chini vimekaa pengine. Duka lililoniuzia likasema mzigo ule uliisha na haurudi.

Basi, fundi akasema tulitoe tuweke lingine. Kugeuza nati ya chini, shingo ikakatika, ikabaki imeng'ang'ania ndani ya tundu, imemomonyoka kama chaki iliyolowa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba aliyejenga hakuweka vali ya kufungia maji chini ya beseni. Hata moja. Kulifunga bomba lile ilikuwa ni lazima ufunge maji ya nyumba nzima. Na mama mkwe alikuwa ameshafika, ana wiki nzima kwetu. Siku tatu mama wa watu anaoga kwa kopo, na kila asubuhi ananiuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, lile bomba zuuuri bado?" Hilo neno alikuwa analivuta makusudi, na mume wangu anaangalia dirishani.

MamaPacha · saa 3:26 usiku
Nimecheka mpaka mapacha wameamka. Pole sana.

Nyundo_Tatu · saa 3:31 usiku
Pole dada, ila kosa lilikuwa kuhangaika na kudondosha. La kwangu linadondosha mwaka wa pili, naliangalia tu. Tone ni tone.

Kipimo · saa 3:40 usiku
Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukulia tone ni robo ya mililita, hiyo ni zaidi ya lita 21 kwa siku, karibu lita 7,900 kwa mwaka.

Nyundo_Tatu · saa 3:44 usiku
Robo ya mililita umeitoa wapi? Hospitali matone 20 ndiyo mililita moja. Piga tena hesabu yako, inashuka mara tano.

Kipimo · saa 3:50 usiku
La hospitali linatoka kwenye kimrija chembamba. Tone hukua kufuatana na mdomo linaponing'inia, na mdomo wa bomba ni mpana. Weka kikombe leo usiku, kesho utupe jibu.

Babu_Spana · saa 3:55 usiku
Au badilisha mpira wa ndani, kazi ya dakika kumi, tulale.

Ngalawa_Mpya · Alhamisi, saa 12:50 asubuhi
Asanteni wote. Dada Tausi umenitisha. Mzee Babu_Spana, majibu: tangi lipo, liko juu kidogo ya bafu, kama mita mbili hivi. Maji ya moto yapo. Ya ukutani nimepima kwa rula ya mtoto, ni 13. Chokaa ipo, birika letu lina ukoko mweupe ndani.

Babu_Spana · saa 1:15 asubuhi
Sasa tunazungumza. Presha hupimwa kwa bar, na mita kumi za kimo cha maji ni kama bar 1. Mita zako mbili ni bar 0.2. Mabomba mengi ya mkono mmoja yametengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo. Angalia kwenye boksi, pameandikwa kiwango cha chini, mara nyingi bar 0.5 au 1, na wengine wanapendekeza 3. Ukilifunga hilo lako jeusi juu ya bar 0.2, maji yatatoka kama ya kumwagilia ua. Njia ndani ya katriji ni nyembamba, ile mipira miwili ya kuunganishia chini nayo ni myembamba, na mdomoni kuna kichujio chenye kizuizi.

Kwa tangi la chini kama hilo kuna mambo matatu: kuliinua tangi, kuweka pampu ya kuongeza presha, au kununua bomba lililoandikwa kwamba linafaa presha ndogo. Bomba la kizamani la kuzungusha, lenye mpira ndani, linapitisha maji vizuri zaidi hapo kuliko haya ya kisasa, ila najua utaniambia ni baya.

Sentimita 13 ukutani si kosa kubwa. Kipimo cha kawaida ni 15 katikati kwa katikati, na lile la kuogea linakuja na viungo viwili vilivyopinda, ukivizungusha unafidia tofauti kama hiyo.

Kamusi_Hai · saa 1:30 asubuhi
Samahani kuingilia, lakini mbona kila mtu anasema "bomba"? Bomba ni lile linalopitisha maji ndani ya ukuta. Kinachofungua na kufunga ni koki.

MamaPacha · saa 1:34 asubuhi
Kwetu ni mfereji.

Kamusi_Hai · saa 1:35 asubuhi
Mfereji ni mtaro dada yangu!

MamaPacha · saa 1:37 asubuhi
Na mimi natoa maji kwenye mtaro huo miaka thelathini, nanawa na nasafika.

Babu_Spana · saa 1:48 asubuhi
Ukienda dukani ukasema "koki" utaletewa ile ya nje ya kuchomekea mpira wa bustani. Sema "miksa ya beseni" au "miksa ya kuogea ya ukutani", usije ukarudi mara mbili.

Kipimo · saa 2:20 asubuhi
Ngalawa, nina swali ambalo halijaulizwa. Hayo maji ya moto yanapata presha wapi? Na ya baridi bafuni yanatoka kwenye tangi hilohilo?

Ngalawa_Mpya · saa 4:05 asubuhi
Ya moto yanatoka kwenye tangi. Ya baridi fundi aliunganisha moja kwa moja na mtandao, alisema presha yake ni nzuri zaidi. Kuna tatizo?

Kipimo · saa 4:12 asubuhi
Kubwa kuliko rangi. Miksa inakutanisha maji mawili ndani ya chumba kimoja kidogo. Ya baridi yakija na bar 3 na ya moto bar 0.2, yale ya baridi yanayasukuma ya moto yarudi yalikotoka. Utaweka mkono katikati, upate baridi tupu. Ukiusogeza kwenye moto, unapata moto tupu, unaoruka ghafla. Na mdomo ukiziba kidogo, ya baridi yanapanda kupitia njia ya moto mpaka tangini, tangi linafurika na hakuna anayejua kwa nini.

Ama mwambie fundi ayatoe yote mawili kwenye tangi moja ili presha ilingane, ama weka vali za njia moja na kipunguza presha upande wa baridi, ama usitumie miksa kabisa: weka mabomba mawili, la moto na la baridi. Nyumba nyingi za zamani Uingereza zina mabomba mawili kwenye beseni kwa sababu ya jambo hilihili. Ya baridi yalitoka barabarani, ya moto kwenye tangi la darini, na maji ya darini hayakutakiwa yakutane na ya kunywa.

Nyundo_Tatu · saa 4:30 asubuhi
Na ndiyo maana Al Moen aliungua! Yule Mmarekani, mwaka 1937 alikuwa ananawa kwenye bomba la mikono miwili, maji ya moto yakamchoma, akaenda kubuni la mkono mmoja. Lilianza kuuzwa 1947. Kwa hiyo mkono mmoja ni usalama.

Kipimo · saa 4:36 asubuhi
Kweli, lakini mkono mmoja haukulindi kama presha hazilingani. Kwa kuogea, hasa kama nyumba ina watoto au wazee, kuna miksa zenye kidhibiti joto, zimewekewa kikomo cha nyuzi 38 na lazima ubonyeze kitufe kupita hapo. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Ila hizo nazo zinataka presha ya kutosha na maji yasiyo na uchafu.

MamaPacha · saa 4:50 asubuhi
Hiyo ya kikomo ndiyo niliyonayo bafu la mapacha. Ghali, na sijajuta hata siku moja.

Kifaru77 · saa 5:10 asubuhi
Kwa nini asichukue ile ya sensa? Unaweka mkono, maji yanakuja, hakuna kugusa.

Babu_Spana · saa 5:14 asubuhi
Betri ikiisha saa kumi usiku utanawa na nini? Na ile vali yake ya umeme nayo inataka presha, na inataka maji safi. Ya hotelini hiyo, mahali penye mtu wa matengenezo.

Tausi · saa 6:40 mchana
Naomba kurudi kwenye rangi, kwa sababu ya kwangu ilibanduka na nataka kujua. Nyeusi zote zinabanduka?

Kipimo · saa 7:05 mchana
La. Kuna nyeusi ya kupakwa rangi au unga na kuchomwa, na kuna ile inayowekwa ndani ya chumba kisicho na hewa, metali inageuzwa mvuke na kujishika kwenye bomba. Hiyo ya pili wanaiita PVD, na ni ngumu sana, dhahabu nzuri nyingi ni za hivyo. Ya kupakwa inachunika kingoni kwanza. Muulize muuzaji, na kama hajui, chukulia kwamba ni ya kupakwa. Kromu bado ndiyo yenye uvumilivu kuliko zote kwa mtu asiyetaka kujisumbua.

Kwa maji yako yenye chokaa, Ngalawa, chagua lenye kichujio cha mdomoni kinachofunguka kwa mkono au kwa kifunguo chake. Ukoko ukikaa, kifungue, kiloweke kwenye siki nusu saa, sugua na mswaki wa zamani. Siki usiiache imekaa juu ya mpako wenyewe, na steliuli (ile sufu ya chuma ya kusugulia sufuria) isiguse bomba lolote, la rangi yoyote.

MamaPacha · saa 7:12 mchana
Hilo la steliuli liandikwe ukutani kwa msaidizi wangu wa zamani na kwa mimi mwenyewe.

Babu_Spana · saa 8:00 mchana
Na katriji. Kabla hujalipa, uliza ukubwa wake. Zilizozoeleka ni milimita 35 na 40, na kwenye yale membamba 25. Mwambie muuzaji akuonyeshe ya akiba. Kama anayo rafuni, nunua na ya akiba papo hapo, ifunge kwenye mfuko uitundike. Kama anasema "hizi haziharibiki", ondoka.

Siku ya kufunga, kabla fundi hajaunganisha chochote, afungulie maji yamwagike kwenye ndoo mpaka yawe safi. Mabomba mapya ukutani yana mchanga, vumbi la vigae na vipande vya plastiki. Ndani ya katriji kuna sahani mbili za kauri zinazosuguana. Punje moja ya mchanga inatosha kuzikwaruza, na bomba jipya likaanza kudondosha wiki ya kwanza. Nimeitwa mara nyingi kwa "bomba bovu" ambalo halikuwa bovu. Na vali za kufungia chini ya beseni, mbili, zisisahaulike. Dada Tausi ni shahidi.

Nyundo_Tatu · saa 8:15 mchana
Na kwenye nyuzi za kukazia viungo afunge katani, siyo tepu nyeupe.

Babu_Spana · saa 8:17 mchana
Tepu nyeupe inatosha, ikizungushwa kufuata upande wa kukazia.

Nyundo_Tatu · saa 8:20 mchana
Tepu ukikaza halafu ukarudisha nyuma robo duara, inavuja. Katani na pasta yake unarudisha na haivuji. Nimefunga kwa katani miaka kumi na minne.

Babu_Spana · saa 8:26 mchana
Mimi thelathini na moja. Ukirudisha nyuma umekosea, ianze upya. Na ile mipira ya kuunganishia yenye gasketi mwishoni haitaki tepu wala katani. Wanaozungushia tepu hapo ndio wanaopasua nati.

Nyundo_Tatu · saa 8:29 mchana
Hapo tumekubaliana. Kwenye katani bado.

Kamusi_Hai · saa 9:10 alasiri
Swali la afya: brasi si huwa ina madini ya risasi ndani yake?

Kipimo · saa 9:31 alasiri
Huwa nayo kidogo, ilitiwa ili brasi ichongeke kirahisi. Marekani tangu 2014 sehemu zinazogusa maji ya kunywa hazitakiwi kuzidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi. Kama kwenye beseni hilo mnasukutua na kunywa, tafuta lililoandikwa kwamba limepimwa kwa maji ya kunywa, na maji yaliyolala usiku kucha ndani yake myaache yatoke kidogo kwanza.

Ngalawa_Mpya · Ijumaa, saa 2:20 usiku
Wakuu, nimerudi. Fundi nimempigia, amekubali kuyahamishia maji ya baridi kwenye tangi, na tangi tutaliinua mita moja na nusu, kuna vyuma vilivyobaki. Nimejaza ndoo ya lita 10 kwenye bomba la tangi lililo karibu na bafu, imechukua dakika mbili na nusu. Hiyo ni nzuri?

Kipimo · saa 2:28 usiku
Lita 4 kwa dakika. Kunawa inatosha. Kuogea ni kidogo, ukiinua tangi itapanda, lakini usitegemee mvua. Kichwa cha manyunyu kisiwe kile kikubwa kama sinia.

Ngalawa_Mpya · saa 2:33 usiku
Nimekishanunua kile kikubwa kama sinia.

Babu_Spana · saa 2:35 usiku
Haya.

Tausi · saa 2:40 usiku
Na matundu ya beseni? Siku ya tatu hii tunauliza.

Ngalawa_Mpya · saa 2:47 usiku
Halina tundu la bomba kabisa. Ni lile la kukaa juu ya meza, kama bakuli. Kimo chake sentimita 14. Tundu litatobolewa kwenye jiwe la meza, kando yake.

Kipimo · saa 2:50 usiku
Ngalawa! Hayo matatu uliyoyachagua mwanzoni, mdomo uko juu kiasi gani kutoka chini?

Ngalawa_Mpya · saa 2:58 usiku
Nimeangalia kwenye boksi la ile nyeusi. Sentimita 11.

MamaPacha · saa 3:00 usiku
Yaani mdomo ungeishia ubavuni mwa bakuli, nje. Ungenawa meza.

Kipimo · saa 3:06 usiku
Unahitaji lile refu, la beseni la bakuli. Bakuli 14, acha nafasi ya mikono kama 10 hadi 15 juu ya ukingo, kwa hiyo mdomo uwe sentimita 24 hadi 29 kutoka mezani. Halafu pima urefu wa kwenda mbele: maji yaanguke karibu na tundu la kutolea, yasipige ukingo, la sivyo yatakurukia tumboni kila siku. Na usitoboe jiwe kabla hujalishika bomba mkononi. Kawaida ni milimita 35, lakini soma karatasi yake.

Babu_Spana · saa 3:10 usiku
Refu vilevile linatikisika likiwa jepesi. Hapo usinunue zinki hata ukipewa bure. Na nati ya chini iwe na sahani pana, jiwe lisipasuke.

Ngalawa_Mpya · saa 3:15 usiku
Nimeelewa wakuu. Refu, brasi, katriji 35 na ya akiba, la presha ndogo. Asanteni sana kwa muda wenu. Swali moja la mwisho: hilo refu linapatikana jeusi?

Kifaru77 · saa 3:16 usiku
Linapatikana.

MamaPacha · saa 3:18 usiku
Mdogo wangu, ukilichukua, nunua na kitambaa kikavu. Kitundike palepale.

Nyundo_Tatu · saa 3:40 usiku
Nimeweka kikombe tangu saa kumi na mbili jioni. Kimejaa kikamwagika, sijui kilijaa saa ngapi. Ila kuhusu katani bado hakuna aliyenijibu.